Shafti Ndefu

SAA NNE ASUBUHI. Mugumu, chumba cha nyuma ya gereji.

Kisyeri alitandaza gunia sakafuni, akachora kwa mkaa.

"Hapa ghala la kijiji, Machochwe. Juzi wameletewa sukari, sabuni na vitenge. Saa nane watu wote wako shamba la ujamaa. Mlinzi ni mzee mmoja. Tunapakia, tunatoka."

"Akileta ubishi?" aliuliza Simioni, dereva.

"Mogesi atamjibu."

Mogesi alicheka, akaipapasa bunduki aliyorudi nayo kutoka vitani Uganda. Fundi Wangwe hakucheka. Simioni alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Mama yao alipokuwa anakata roho alimwambia, "Mtazame mwenzako." Akamtazama, akamtazama, na bado kijana akaponyoka! Alimfuata Kisyeri kwa sababu ya Landrova tu. Usukani ulimlevya kuliko pombe.

Watu wa Machochwe wameibiwa mno. Siku hizi mwizi hafiki polisi. Wangwe alilijua hilo, na safari hii aliinusa mapema, ndiyo maana juzi alikwenda kwa Athanas, kamanda wa mgambo, wakakubaliana. Ekseli ya nyuma ina shafti mbili, kila moja inazungusha tairi lake. Ile ndefu Wangwe ameikata kwa msumeno, ikabaki imeshikilia kidogo tu. Kwenye kilima cha kabla ya kijiji itakatika, gari litasimama, mgambo watawazingira. Likisimama, hakuna kupiga risasi. Simioni atafungwa, lakini atakuwa hai. Kifungo kina mwisho, jamani.

SAA TANO NA NUSU. Mvua.

"Fundi," Kisyeri alisema, "safari ile tairi moja lilizunguka bure kwenye tope, mwenzake amelala. Tulisukuma kama punda. Chomelea difu."

Wangwe alikauka. Difu, zile gia za katikati ya ekseli, ikichomelewa, matairi mawili yanakuwa kitu kimoja. Shafti moja ikikatika, nyingine inavuta. Gari halisimami ng'o.

"Itakula matairi, mzee."

"Nimekuuliza?"

Alizivuta shafti kidogo tu, mkato usionekane, akatoa difu. Akachomelea. Mogesi alisimama mgongoni kwake mpaka gesi ilipozimwa na kila kitu kurudishwa mahali pake. Nafasi ya kumtumia Athanas habari haikupatikana.

SAA SABA. Uani.

"Mura, mdogo wangu, usiende," Wangwe alinong'ona. "Sema tumbo linakuuma."

"Unaniona mtoto bado, kaka?"

"Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Simioni alimpiga bega, akaenda kuwasha gari. Ukweli ulikuwa mdomoni, lakini Simioni hakujua kuficha jambo usoni, na Kisyeri angewaua wote wawili papo hapo. Ole wake fundi! Akapanda nyuma, akakaa na vyuma vyake.

SAA NANE KASOROBO. Kilima.

Tang!

Landrova ikayumba kushoto. Ikatetemeka. Halafu, Mungu wangu, ikaendelea kupanda.

"Nini hicho?" Kisyeri alifoka.

"Jiwe!" Simioni alijibu, akipigana na usukani.

"Simama!" Wangwe alipiga kelele. "Simioni, simama!"

"Kanyaga!" Kisyeri aliamuru.

Akakanyaga. Juu ya kilima mgambo waliliona gari waliloahidiwa kuwa litasimama likiwajia kwa kasi, na mtutu wa Mogesi ukichungulia dirishani. Wakapiga. Kioo kikamwagika. Gari likaingia mtaroni, likalala ubavu.

SAA NANE KAMILI.

Kisyeri alikuwa amekufa. Mogesi alikimbilia kwenye mahindi, akadakwa. Wangwe alimtoa mdogo wake kupitia dirishani, akakaa naye kwenye tope, akaubana mkono wake. Damu ilitoka kifuani, na hapo ufundi wote haukumsaidia kitu.

"Kaka," Simioni alisema kwa taabu, akijaribu kutabasamu. "Gari umelitengeneza. Lilikatika kitu, na bado halikusimama."

"Nyamaza, mura. Pumua."

Athanas alifika mbio, anahema, amekasirika.

"Wangwe! Si ulituambia litasimama? Si tulikubaliana?"

Wangwe aliubana ule mkono zaidi. Simioni aligeuza macho kwa kamanda, akayarudisha kwa kaka yake. Alimtazama kwa muda.

Kisha akauchomoa mkono wake, akauweka kwenye tope, na hakuurudisha tena.