Aliyekuwa Akinifungulia Kurasa

Mie si mtu wa kutishika. Kwenye klabu yetu ya taarabu wanalijua hilo, na wakinisema nyuma yangu huongeza na mengine: kwamba Fathiya ana mdomo mkali, na kile kinanda kimempa kiburi. Hawajakosea. Lakini haya ya mashine nayasema kama yalivyokuwa, sipunguzi wala siongezi.

Jioni ile nilikwenda Jang'ombe kwa fundi Talib. Talib hutengeneza cherehani, feni, baiskeli, chochote chenye chuma. Nilimtaka aniundie kitu cha kugeuza kurasa za nota. Mpiga kinanda mikono yote miwili iko kazini, na nyimbo zetu ni ndefu, nyengine zinafika dakika ishirini. Kichwa changu hakishiki kitu kirefu. Bila ya karatasi mbele yangu mie si kitu, na hilo sijapata kumwambia mtu.

"Shikamoo, Bi Fathiya."

"Marahaba. Tayari?"

Ilikuwa tayari. Kisimamio cha nota, na juu yake mikono mitano myembamba ya chuma, kila mmoja umebana ukurasa wake. Chini kulikuwa na pedeli, imeungwa kwa waya wa breki ya baiskeli. Ukikanyaga, springi inaachia mkono mmoja, unapita na ukurasa wake upande wa pili. Tak. Ukikanyaga tena, wa pili. Tak.

"Inakwenda mbele tu," Talib akaniambia. "Kurudi hairudi. Na bila ya mguu haifanyi kitu."

"Ndivyo ninavyotaka. Kitu kisicho na akili zake."

Niliinama kuitazama pedeli. Ilikuwa kuukuu, imelika katikati kwa kukanyagwa. Ikanipata harufu ya karafuu. Nikasema moyoni, labda jirani ameanika, ingawa msimu ulikuwa haujafika. Nikaifunga mashine kwenye kanga, nikapakia kwenye teksi, nikaenda nayo mjini.

Njia nzima nilikuwa nafikiri habari za Mwatima. Sikutaka, lakini nilikuwa namfikiri.

Kwa miaka kumi na minane yeye ndiye aliyenifungulia kurasa. Mwatima alikuwa mshonaji, mwanamke mnene wa maneno machache, karafuu haimtoki mdomoni. Hukaa kushotoni kwangu. Hulowesha kidole gumba kwa ulimi, akashika kona ya ukurasa, akangoja. Kazi yenyewe ilikuwa kule kungoja. Katika taarabu haendi mtu mbio. Shadya, mwimbaji wetu, akiimba, wanawake wakiinuka kumtunza, kumtia noti mkononi, ubeti haufungwi. Hurudiwa mara mbili, mara tano, mpaka mtunzaji wa mwisho arudi kitini kwake. Ukifungua mapema umeiharibu nyimbo. Mwatima alikuwa akiwatazama watunzaji, mie natazama vidole vyangu. Na pale panapotunzwa sana aliandika kwa penseli, chini ya ukurasa, neno moja: Ngoja.

Halafu ikaja harusi ya Mtoni. Watunzaji walikuwa wengi, na mie nilikuwa nimechoka, nina haraka ya kumaliza. Mwatima ameshika kona, hafungui. Nikanyosha mkono wangu mwenyewe nikafungua. Nikaingia ubeti wa mbele, fidla wakanifuata, Shadya na mpiga ngoma ya dumbak wamebaki nyuma. Ikawa vurugu. Watu wakacheka.

Mie kuchekwa siwezi. Nikamgeukia Mwatima, na kipaza sauti kiko wazi.

"Umelala? Hata chuma kingejua pa kufungua."

Alivaa buibui lake akatoka. Klabu haikumwita tena, kwa sababu mie nilisema yeye ndiye aliyekosea, na hapana aliyeniuliza mara ya pili.

Mwezi wa pili yake akafa. Presha, walisema. Msibani, kama desturi, ikaombwa: mwenye lake kwa marehemu amsamehe. Wanawake wote wakanigeukia. Nami nikasema, kwa sauti ya kusikika, "Mie nshamsamehe."

Mie, nimsamehe yeye. Nilikuwa najua nani mkosa, na nikalisema neno lile mbele ya maiti yake.

Basi, nikafika klabuni. Klabu yetu iko ghorofani, Mji Mkongwe, upande wa Kiponda. Hapakuwa na mtu. Nikangoja adhana ya magharibi imalizike, nikasali, nikawasha taa, nikaipanga mashine mbele ya kinanda. Nikaweka nyimbo ileile ya Mtoni, maana wiki ya pili yake tulikuwa na harusi Fumba na bibi harusi kaitaka hiyo.

Nikapiga. Ukurasa wa kwanza ukaisha, nikakanyaga. Tak. Nikacheka peke yangu. Wa pili. Tak.

Nikafika wa tatu. Chini yake liko neno la penseli.

Nikakanyaga.

Kimya.

Nikakanyaga tena, kwa nguvu. Pedeli ilizama, lakini mkono wa chuma haukusogea. Nikasema mashine ya Talib hii, siku ya kwanza ishakwama. Nikaurudia ubeti kusudi nijaribu tena. Nikaurudia mara ya pili... mara ya tatu... na mguu wangu unakanyaga, unakanyaga. Chumba kikaanza kunukia karafuu. Si karafuu ya kuanikwa. Karafuu iliyotafunwa.

Nikaitoa miguu yangu miwili kwenye pedeli, nikaikunja chini ya kiti.

Sijui kwa nini nilisema nililolisema. Mazoea tu. Miaka kumi na minane nilikuwa nikilisema kila nikichoka kusubiri, wala simtazami ninayemwambia.

"Mwatima, fungua."

Tak.

Ukurasa ukapita mbele ya macho yangu, taratibu, ukalala upande wa pili. Halafu pedeli, ambayo haikukanyagwa na mtu, ikapanda juu polepole.

Nikanyosha mkono kuigusa kona ya karatasi. Ikanilowesha kidole.

Ilikuwa mbichi.

Nilishuka ngazi zile bila ya viatu. Taa niliiacha inawaka.

Asubuhi nilirudi na dereva kuichukua mashine, nikaipeleka kwa Talib. Sikumwambia kitu. Nilimwambia imekwama. Aliifungua, akaitazama, akakuna kichwa.

"Bi Fathiya, springi ya mkono wa tatu imekatika. Tangu jana, nadhani, nilipokuwa nafunga. Huu mkono hauwezi kufungua kabisa."

"Umefungua," nikasema.

"Hauwezi, bibi."

"Talib, pedeli hii umeipata wapi?"

Akaona haya kidogo, kama mtu aliyeuza kitu kilichotumika akasema kipya. "Kwa Ummy, hapo nyuma. Cherehani ya mama yake. Meza yake ya mbao ilikuwa imeoza, nikachukua chuma."

Ummy ni binti yake Mwatima. Nikaenda. Alikuwa barazani anachambua mchele, akainuka kunipa mkono, akaniletea maji. Nilikuwa nimekwenda kusema. Wallahi nilikuwa nimeliweka neno mdomoni. Siku ile Mtoni nilikosea mie. Maneno matano tu, na mtoto huyu yuko mbele yangu.

"Mama siku za mwisho hakushona kitu," Ummy akaniambia. "Lakini alitaka tumkalishe kwenye cherehani. Mguu wake unakanyaga, sindano haina uzi. Ikifika magharibi huuliza, Fathiya hajaja? Namwambia bado. Anasema, basi nangoja."

Nikayashika yale maji, sikuyanywa.

"Alitaka nini kwangu?"

"Hakusema. Bi Fathiya, mie nakushukuru sana. Ulivyomsamehe mama msibani, mbele ya watu wote... neno lile lilitupoza. Ameondoka hana deni la mtu."

Nilimwambia, "Ni wajibu, mwanangu." Nikaondoka.

Mngedhani mashine ningeitia jaani. Nilitaka. Lakini klabu nzima ilikuwa ishaisikia, na Fumba hapana mwengine wa kunifungulia. Wote wanaosoma nota wangekuwa jukwaani na ala zao. Nilimwambia Talib aweke springi mpya zote tano, na ile pedeli aitoe, aniwekee kipande cha mti. Akafanya. Niliikanyaga mwenyewe mara hamsini pale kibandani kwake. Tak, tak, tak. Haikukosa hata mara moja. Nikasema yamekwisha.

Harusi ya Fumba ilikuwa alasiri, kwenye ukumbi mpya kule kwenye majumba mapya. Wanawake tele, manukato tele. Ummy alikuwa safu ya tatu, yeye ndiye aliyeshona nguo za bibi harusi. Aliniona akanitabasamia.

Jua lilikuwa linazama tulipoanza nyimbo ile. Ukurasa wa kwanza. Tak. Wa pili. Tak. Watu wakaitazama mashine wakapiga vigelegele, Shadya akanikonyeza. Halafu akaingia ubeti wa tatu, na wanawake wakainuka kutunza.

Niliwatazama, safari hii. Niliinua macho yangu nikawatazama, kama alivyokuwa akiwatazama yeye. Mmoja akatunza akarudi. Wa pili. Wa tatu. Ukumbi ukatulia, njia ya katikati ikawa tupu. Nikasema sasa. Nikakanyaga.

Kimya.

Nikakanyaga tena kile kipande cha mti. Mkono wa chuma haukutikisika. Na palepale akainuka bi kizee mmoja nyuma kabisa, nguzo ilikuwa imemkinga nisimwone, akaja polepole anajikongoja na noti yake mkononi.

Mashine ilikuwa sawa. Mie ndiye niliyekuwa nikikosea, kwa mara ya pili, ubeti uleule.

Bi kizee akatunza. Akarudi. Akakaa. Na ukurasa haukufunguka.

Shadya akaurudia ubeti. Akaurudia tena, akanitupia jicho. Fidla wakaurudia. Hapakuwa na mtunzaji tena, ukumbi ulikuwa umekaa unatusikiliza tunazunguka palepale. Karafuu ikaja. Kushotoni kwangu, karibu kabisa, nilihisi joto la mtu mnene aliyekaa. Sikugeuka. Nasema kweli, sikuthubutu kugeuka. Nilitazama kona ya ukurasa tu, na nikaona karatasi ile kavu inaingia doa la maji, dogo, la duara, kiasi cha kidole gumba.

Mtu aliyeshika kona. Anangoja.

Nikatoa mikono yangu kwenye kinanda. Ala zikazima moja moja. Kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Siku ile Mtoni," nikasema, na sauti yangu sikuijua, "aliyefungua mapema ni mie. Mwatima alikuwa sawa. Nikamsingizia. Nikamtukana mbele za watu. Na msibani nikajifanya namsamehe, na mimi ndiye wa kusamehewa."

Nikaiinamia kona ya ukurasa, penye lile doa.

"Mwatima, nipe radhi."

Nikamtafuta Ummy kwa macho. Alikuwa amesimama. Alinitazama kama hajapata kuniona. Alichukua mkoba wake, akajifunika mtandio vizuri, akatoka bila ya haraka, kama alivyotoka mama yake.

Tak.

Ukurasa ukapita. Joto la kushotoni likaondoka. Shadya, Mungu ampe kheri, akaanza ubeti wa nne peke yake, na ala zikamfuata, nami nikafuata. Tuliimaliza nyimbo.

Hiyo ni miezi mitatu sasa. Talib anasema springi zile zilikuwa mbovu za dukani, na kwamba joto la ukumbi hutoa jasho kwenye karatasi. Huenda. Mashine nimempa aivunje, na aliivunja nikiona. Ummy nimekwenda kwake mara nne. Mlango anaufungua, chai ananipa, lakini radhi hatoi. Mara ya mwisho aliniambia, "Bi Fathiya, mie radhi yangu si kitu. Ya mama sina mie ya kukupa." Na hakulisema kwa ubaya.

Klabuni siku hizi nafungua kurasa kwa mkono wangu, nikikosa noti mbili tatu nakosa, hapana anayecheka. Kushotoni kwangu pana kiti, hakikaliwi. Kila magharibi, nikimaliza kusali, naomba radhi kwa jina lake. Nimekuwa nikijiambia kwamba ukurasa ulipofunguka pale Fumba ndiyo jawabu yenyewe. Kwamba amenisamehe, akaenda zake.

Jana nilikitoa kitabu cha nota kukipanga upya. Nyimbo ile ina kurasa sita. Ukurasa wa sita ni wa mwisho, baada yake hapana kitu cha kufungua, kwa hivyo Mwatima hakuwahi kuandika kitu pale. Miaka kumi na minane nauona mtupu.

Chini yake kulikuwa na neno la penseli. Mwandiko ni wake, ile herufi ya kwanza imelala kidogo.

Ngoja.

Nikaigusa kona. Ilikuwa mbichi.