Mguu Chini ya Cherehani

Kila akitoka shule, Sindano aliweka mkoba chini na kumtungia mama yake uzi. Ndiyo maana akaitwa hivyo. Mama alikuwa fundi wa sare, na shule zikikaribia kufunguliwa hakuinuka kwenye cherehani ila kwa kula.

Siku hiyo mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba, ndala haiingii.

"Nikande kidogo, mwanangu. Na usimwambie mtu. Wakisikia fundi anaumwa, watakuja kuchukua vitambaa vyao."

Sindano akakanda. Kesho yake mama alikohoa na kuhema hata kwa kuvuka chumba. Shangazi akamkokota hospitali.

"Ni vumbi la vitambaa tu, daktari. Kifua hiki nakijua."

Daktari akashika kalamu aandike dawa ya kikohozi. Mama akamkazia Sindano macho.

"Na mguu, daktari," Sindano alisema, akijibanza nyuma ya shangazi. "Umevimba. Mimi niliukanda."

"We mtoto!"

Daktari aliufunua mguu, akaugusa, uso ukambadilika. "Asitembee tena. Leteni kitanda."

Walipompima moyo, kwenye kioo cha mashine kilionekana kitu kama kipande cha uzi, kikining'inia na kuchezacheza.

"Damu imeganda mguuni, ikapanda moyoni," daktari alieleza. "Amezaliwa na tundu kati ya vyumba viwili vya juu. Kwa wengi huziba utotoni, lake halikuziba. Bonge limenasa humo, nusu huku, nusu kule. Likirudi nyuma, litaziba mapafu. Likipita, litakwenda ubongoni. Tunampasua sasa hivi."

Mama, bingwa wa kubisha, safari hii aliutafuta tu mkono wa mwanawe.

Kwenye benchi, Sindano alinong'ona, "Shangazi, ni mimi niliyelisukuma?"

Shangazi alimvuta kifuani.

Mlango ulipofunguliwa hatimaye, daktari alivua barakoa.

"Bonge tumelitoa, tundu tumelishona. Mama yupo." Akachuchumaa mbele ya Sindano. "Mguu uliovimba ghafla haukandwi, unaletwa hospitali. Hilo hukulijua. Lakini ulisema ukweli huku ukiogopa. Ungenyamaza, ningempa dawa ya kikohozi na kumrudisha nyumbani. Daktari hawezi kutibu anachofichwa."

Mama alipozinduka, alisema kwa shida, "Mshono wao umenyooka?"

"Sijui, mama."

"Kaukague." Akafumba macho, kisha akayafumbua. "Na mwite nesi. Mwambie mguu bado unauma."