Raba za Mtoto

Soko la viatu vya mitumba lilifurika watu siku hiyo, na kila muuzaji alipiga kelele kama aliyeibiwa. Fundi, ndani ya gauni la kitenge alilolishona mwenyewe likamkaa vilivyo, alisimama mbele ya lundo la raba akijifanya anatazama makubazi. Daktari alikuwa amemwambia wazi: presha haishuki kwa mtu anayeinamia cherehani kutwa. Lakini mwanamke wa makamo, mwenye mwili wake, atamke mbele za watu kwamba anataka raba za kukimbilia? Hilo lilimshinda.

"Za nani, mama?" muuzaji akauliza.

"Za mwanangu," akajibu haraka. Mtoto hakuwa naye, wala mume. Alikuwa na cherehani na redio.

Akavua kandambili, akaingiza mguu. Pembeni yake mtu akacheka kwa upole.

"Mtoto ana mguu sawasawa na wa mama yake! Damu nzito kuliko maji."

Alikuwa mwanamume mrefu, mchomea vyuma, shati limetobolewatobolewa na moto wa kazi, vidole vinene kama karoti. Mtaani walimwita Cheche.

"Inakuhusu nini, baba?"

"Hainihusu. Ila mwambie mtoto kwamba asubuhi kuna watu tunazunguka uwanja wa shule. Aje. Hatumcheki."

Jioni Fundi akampigia dada yake kumweleza. Dada akaja juu. "Mwanamke mzima ukimbie barabarani! Unamkimbia nani? Kama ni mazoezi, si udeki nyumba?"

Hata hivyo alikwenda. Alivaa suruali, juu sketi, juu ya sketi khanga, hata usijue anakwenda uwanjani au msibani. Hajafika getini, vijana wakampigia kelele: "Mama, gari limekuacha!" Akageuka arudi. Cheche, aliyekuwa akimngoja getini, akamfuata, akahamia upande wa barabara ili mwili wake mrefu umkinge na macho yao.

"Mtoto hajambo?" akauliza.

"Amelala," Fundi akasema akihema. "Amemtuma mama yake."

Wakacheka mpaka wakasimama. Kuanzia hapo ikawa kila asubuhi. Wakitembea zaidi kuliko kukimbia, wakizungumza zaidi kuliko kutembea. Na jioni simu ililia.

"Magoti yanasemaje, mama mtoto?"

"Yanakutukana."

"Yasalimie sana."

Mara moja tu Cheche alizungumza bila utani. "Mke wangu alipofariki, nyumba ilinyamaza," alisema. "Nikitoka kukimbia, angalau nasikia miguu yangu." Siku hiyo Fundi alitembea karibu naye zaidi.

Ndipo ukaja ujumbe wa Cheche. Fundi alikuwa anapinda gauni la mteja simu ilipoita kidogo. *Fundi nimevumilia nimeshindwa. Kuanzia leo nakukimbia.*

Akausoma tena, kama anayetafuta mshono uliofumuka. Hakupiga simu kuuliza. Utamuuliza nini mtu anayekukimbia? Akaifungia namba yake, raba akazisukuma chini ya kabati, akaendelea kupinda gauni la watu.

Mvua zikaanza, zikaisha. Kila asubuhi aliamka saa ileile ya mazoezi, akakaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, asiende popote. Kumbe si daktari aliyekuwa akiipeleka ile miguu uwanjani. Alimkosa Cheche, alimkosa vibaya, na redio haikusaidia kitu. Presha ikapanda tena. Dada akasema, "Si nilikuambia?"

Aliyemwinua ni mteja, mama mmoja mnene kumzidi, aliyekuja kupimwa gauni. "Fundi, mbona hukimbii tena? Nilikuwa nakuchungulia dirishani, nikisema, ipo siku na mimi nitatoka."

Kesho yake Fundi akazivuta raba, akazipangusa vumbi. Safari hii hakufunga khanga.

"Mama, gari limekuacha!"

"Limeniacha, ndiyo!" akawajibu. "Nalifuata!"

Uwanjani alimkuta Cheche ameketi kwenye ngazi za jukwaa, miguuni mabuti ya kazi. Amekonda.

"Leo hukimbii?"

"Nakimbia na nani?" Hakumtazama. "Nilikuandikia neno zito kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu, ukanifungia namba. Jibu langu nikalipata."

"Neno gani? Si uliandika unanikimbia!"

"Nakukimbilia!" Cheche akaruka juu. "Nakukimbilia, Fundi! Mtu akizidiwa si ana pahali anapokimbilia?"

Fundi akatoa simu, akamwekea usoni. Cheche akasoma, midomo ikicheza. Kisha akakitazama kidole chake kinene kama anayetaka kukichapa.

"Ile *li* imekwenda wapi?"

"Unaniuliza mimi?"

Fundi alitaka kucheka, akajikuta analia. Kwa herufi mbili amekaa peke yake mvua nzima! Na huyu naye, upande wa pili wa uwanja, kwenye nyumba yake iliyonyamaza.

"Basi sema kwa mdomo," akamwambia. "Kidole chako sikiamini."

"Nakukimbilia. Nataka asubuhi tuwe tunatokea mlango mmoja. Nioe mimi, au nikuoe wewe, vyovyote." Kisha akakimbilia utani wao. "Mtoto hajambo?"

"Hakuna mtoto," Fundi akasema. "Hakuwahi kuwapo. Niko peke yangu tu."

"Najua. Huyohuyo aliye peke yake ndiye niliyemfuata tangu sokoni."

Fundi akafuta uso kwa kiganja, akainama kukaza kamba za raba zake, akachukua muda mrefu kuliko kamba zilivyohitaji.

"Basi vua hayo mabuti," akasema hatimaye. "Na unikimbilie polepole. Pumzi sina."