Nilimfufua Steringi Aliyekufa

"Isa, yule steringi alikufa."

Nilikuwa nafunga spika bandani kwangu, Iyunga, simu nimeibana kwa bega. Nikadhani sijasikia vizuri.

"Steringi gani tena, Vene?"

"Wa muvi yetu. Yule mwanajeshi aliyekwenda kupigana na mitambo. Alikufa! Na wewe miaka yote unawatangazia watu kwamba alirudi kwa mkewe."

"Si alirudi? Mwishoni anatokea kwenye moshi, kashika helmeti, mkewe anamkumbatia analia kwa furaha!"

"Yule ni rafiki yake, Isa. Kaleta helmeti ya marehemu. Mwanamke analia msiba. Nimeipata mtandaoni, nimeiangalia bila sauti yako, kwa Kiingereza chao wenyewe."

Jamani, nilikaa kwenye benchi.

Kwa asiyenijua, mimi ni Isakwisa, mtafsiri wa muvi. Muvi inacheza bandani, mimi nashika maiki naongea Kiswahili juu ya sauti zao. Kila mtu namtolea sauti yake, hata mbwa. Na muvi hiyo ya mitambo, ya zamani hata kabla sijazaliwa, ndiyo iliyonipa Veneranda. Alikuja Mbeya kwa mazoezi ya ualimu, akaingia bandani na wenzake ili wanicheke. Akatoka macho mekundu. Tukapendana. Halafu nikaenda Makongolosi kutafuta dhahabu, miaka miwili, simu leo inashika kesho haishiki. Wanaume wenye mishahara yao walimfuata, akawakataa wote.

"Unajua nani alinipa moyo wa kukusubiri?" aliniuliza. "Yule mke wa kwenye muvi. Nilikuwa najiambia, kama wake alirudi, na wangu atarudi. Kumbe ulitunga!"

"Vene, nisikilize..."

"Nijibu moja tu. Ulijua kwamba alikufa ukadanganya makusudi? Maana kama unaweza kudanganya hivyo bila kupepesa macho, ya Makongolosi nitayaaminije? Jumamosi mshenga wako anakwenda kwa baba. Nataka jibu kabla."

Akakata.

Sasa niwaambie ninyi kabla yake. Sikudanganya. Sijui Kiingereza! Mimi ni darasa la saba, basi. Muvi nazisoma kwa nyuso na mikono. Muziki ukipanda, najua adui yuko nyuma ya mlango. Mwanamke kamkumbatia mwanaume analia, mimi nikajua mume karudi. Ningejuaje?

Ila Vene ni mwalimu wa Kiingereza, sekondari, kule Nyololo. Siku ya kwanza tu nilimwambia nimemaliza kidato cha nne. Akiniongelesha Kiingereza nacheka, namwambia, "Mwalimu, uko likizo, pumzika." Na barua ya posa imeshaandikwa hivyohivyo: kidato cha nne. Kwa hiyo, nikitaka kujisafisha uongo wa muvi, lazima nijivue nguo kwenye uongo mwingine.

Nikamwendea mshenga wangu, Mzee Asukile.

"Mwambie ulibadilisha makusudi kufurahisha wateja," alinishauri. "Atanuna wiki moja, yataisha. Lakini hilo la shule, mwanangu, funga mdomo. Mwalimu hawezi kuolewa na darasa la saba huku anajua."

"Mzee, njia ya mwongo ni fupi."

"Basi itembee polepole!"

Jumatano ikaingia meseji: "Jumamosi inakaribia. Sijasikia jibu."

Alhamisi asubuhi nikapanda basi. Nyololo nilishuka na baridi ya Mufindi ikanipokea vizuri kuliko Vene. Alinifungulia mlango, akarudi kukaa, kompyuta iko mezani.

"Karibu."

"Vene, sijui Kiingereza."

"Unasemaje?"

"Sijui. Sikuwahi kujua. Niliishia darasa la saba. Ile muvi sikukudanganya, nilidhani kweli mume amerudi. Ila la form four, hilo nilikudanganya."

Alinitazama. Halafu akaanza kucheka, kile kicheko ambacho hujui kama ni kicheko.

"Miaka minne, Isa! Kumbe ndiyo maana kila muvi adui anasema 'leo ndiyo leo'!"

"Ndiyo maana."

"Hivi nani alikwambia natafuta form four? Form four ninao mia na ishirini darasani, kila siku wananipandisha presha!"

"Nilikuogopa. Niliona nikisema ukweli hutanitazama mara mbili."

Hapo kicheko kikakatika. Akalia kweli, akajifuta kwa ncha ya kitenge.

"Mimi nilikusubiri bila kitu, Isakwisa. Bila pete, bila ahadi mbele ya watu. Na wewe ukaniona mtu wa kupima wanaume kwa vyeti?"

Nikasema samahani, nikarudia tena samahani. Mwisho akavuta kiti kando yake.

"Kaa hapa. Leo natafsiri mimi."

Akaifungua muvi. Mungu wangu, ilivyozeeka! Kwenye luninga yangu mbovu nilikuwa sioni, lakini pale kila kitu kilionekana. Mtambo ni mabati yaliyopakwa rangi. Chombo cha angani kinaning'inia kwa waya, waya wenyewe unameremeta. Kompyuta ya kutawala dunia inalingana na kabati la nguo. Hata mwaka wanaosema dunia itakwisha, mimi nilikuwa darasa la tano, na tuliuvuka salama.

"Vijana siku hizi wanaizomea bandani," nikasema. "Wanasema mitambo ya maboksi. Nadhani imeshapitwa na wakati."

"Subiri kwanza."

Ikafika pale mwanajeshi anapoagana na mkewe jikoni. Mimi hapo siku zote nilimpa sauti nzito: "Mke wangu, nakwenda kuwachakaza, nikirudi nikute pilau!" Na banda zima linapiga makofi.

Vene akasogea karibu na sikio langu, akatafsiri polepole.

"Anasema, usinisubiri. Nikijua unanisubiri nitaogopa kufa, na nikiogopa watakufa wengi."

"Mke anasemaje?"

"Anasema, basi ogopa. Mimi nitasubiri."

Mara ngapi nimeichezesha muvi hii, na maneno hayo yalikuwemo ndani, nikayafunika kwa pilau! Rafiki alipotokea kwenye moshi na helmeti, nililia kama mtoto. Waya ulikuwa ukionekana, mabati yalikuwa yakionekana, na mimi nalia.

"Haijazeeka, Vene. Mitambo ndiyo imezeeka. Hawa watu wawili bado."

"Ndiyo," akasema. Akanishika mkono, akauachia. "Jumamosi njoo. Ila kwa baba sitakusemea. Barua ina uongo, na uongo ni wako."

Jumamosi mimi na mshenga tukaingia Ifunda, nyumbani kwao Vene. Sebule imejaa wajomba na mashangazi, Mzee Joachim baba yake Vene kakaa katikati, mama yake, Rozalia, pembeni. Mzee Joachim aliagiza hata mimi muoaji niwepo, ila utaratibu ni mmoja: mshenga ndiye anasema, muoaji anakaa kimya kama mgonjwa. Mzee Asukile akafungua barua, akasoma kwa madaha.

"...kijana wetu, mwadilifu, mwenye elimu ya kidato cha nne..."

"Hapo si kweli."

Ni mimi niliyesema. Mzee Asukile akanikanyaga mguu. Shangazi mmoja akasema, "He!"

"Kijana," Mzee Joachim akasema, "hapa kwetu muoaji akifungua mdomo ni faini."

"Jogoo wa faini nitaleta, baba. Lakini mimi ni darasa la saba. Mshenga hana kosa, mimi ndiye niliyemwambia aandike hivyo."

Mzee Joachim akawageukia mashangazi.

"Mwiteni Veneranda."

Akaja, kajifunga vitenge viwili, kapiga magoti.

"Hawa wageni unawafahamu?"

"Ndiyo, baba."

"Huyu elimu yake unaijua?"

"Naijua tangu Alhamisi."

"Na ukanyamaza?"

"Nilitaka aseme mwenyewe, mbele yenu. Asingesema, ningewaambia muirudishe barua."

Jasho lilinitoka mgongoni na baridi yote ile.

"Kasema," mzee akasema. "Sasa wewe unasemaje? Tuipokee, au tuirudishe?"

Vene akainuka. Akamfuata Mzee Asukile, akaichukua barua mkononi mwake, akaomba kalamu kwa mjomba. Akapiga magoti mbele ya meza. Akakata "kidato cha nne" kwa mstari mmoja ulionyooka, kama anavyowafanyia wanafunzi wake, juu yake akaandika "darasa la saba". Akampelekea baba yake kwa mikono miwili.

"Sasa ipokee, baba."

Mama Rozalia akapiga kigelegele kabla mzee hajanyoosha mkono.