Matawi Nyuma ya Gari

Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda, Amida alikata matawi. Nyuma ya nyumba yao, katika mtaa wa mji uitwao Kenya, kulikuwa na mparachichi mmoja, na upande wake wa chini ulikuwa umebaki uchi kwa sababu ya panga lake. Alichagua matawi matatu yenye majani mengi, akayatupa juu ya magunia ya makaa, kisha akapanda mbele karibu na baba yake.

Tangu mama yake azikwe, mwanzoni mwa kiangazi, nyumba yao ilikuwa na maneno machache. Majirani walimwambia Amida alie, moyo upate nafasi. Hakulia. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alifua, alipika ugali wa bukari, aliwaogesha wadogo zake wawili, alikwenda shuleni, alirudi. Alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, unauona, lakini huusikii.

Baba yake, Aruna, alinunua makaa upande wa Kipushi na kuyaleta mjini kwa kamyoneti yake kuukuu, gari dogo la mizigo. Wateja wake walikuwa akina mama wenye mabanda nyuma ya soko. Njia ya karibu zaidi ilikuwa barabara moja nyembamba, iliyobanwa kati ya ukuta wa soko na mtaro wa maji. Hapo palisimama kibao cha duara, rangi ya samawati, chenye msalaba mwekundu. Hata watoto wa darasa la kwanza walijua maana yake: gari lisisimame hapa hata kidogo. Mabasi ya wafanyakazi wa mgodi yalipita hapo, na magari ya hospitali pia.

Lakini gari lililokufa barabarani halina kosa. Likipata pane, yaani likiharibika, dereva hukata matawi na kuyalaza nyuma yake, ili anayekuja kwa kasi ajue mapema. Jandarme, askari wa barabarani, akiona matawi haulizi karatasi, hupita zake. Baba Aruna alilijua hilo. Kila Jumamosi alisimamisha kamyoneti chini ya kibao, akafungua boneti kana kwamba gari limeharibika, naye Amida akapanga matawi nyuma: hatua kumi, hatua ishirini, hatua thelathini. Kisha baba akaanza kubeba magunia mgongoni, akiyapitisha kwenye mlango mdogo wa ukuta.

"Bakikuuliza, utasema nini?" baba alimwuliza Jumamosi hiyo, kama kawaida.

"Mupira ya nyuma imekamata. Haisukumike."

"Muzuri. Kaa mu gari."

Baba alikuwa ameshabeba magunia manne, na alikuwa ndani kwa wateja, basi la wafanyakazi lilipokuja kutoka nyuma. Lilijaribu kuipita kamyoneti taratibu. Gurudumu lake la kushoto likateleza mtaroni, basi likabaki limeinama hapo, ubavu kwa ubavu na kamyoneti. Barabara ikaziba. Wanaume wakashuka, nguo zao zimejaa vumbi la zamu ya usiku.

Dereva wa basi alikuja dirishani kwa Amida.

"Ee mutoto, hii gari ya baba yako inakufaka kila Jumamosi, fasi moja. Iko na kalenda?"

Wanaume wakacheka.

"Mupira ya nyuma imekamata," Amida akasema. "Haisukumike."

Uongo ulitoka laini, bila kumgusa popote. Wanaume wakaliacha gari la baba yake, wakaenda kupambana na basi. Walisukuma, wakapumzika, wakasukuma tena. Basi halikutoka.

Hapo ndipo honi ikasikika. Ambulansi nyeupe ilikuwa imefika nyuma ya basi, na nyuma yake magari mengine yalikuwa yameshajipanga hadi kwenye kona. Mlango ukafunguliwa, akashuka mama mmoja mnene, aliyekunja mikono ya koti lake jeupe. Alikuwa Mama Mwape, mkunga.

"Turudi nyuma, mama?" dereva wake akauliza.

"Turudi wapi? Ona magari."

Akaja moja kwa moja kwa Amida. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, unisikilize. Mule ndani kuko mama. Mutoto anakuja miguu mbele. Mi peke yangu siwezi, iko lazima docta amupasue. Tukikaa hapa, batakufa bote wawili. Gari yenu, ni kweli haitembei?"

Kupitia kioo cha pembeni Amida aliuona mlango wa nyuma wa ambulansi, na mkono ulioshika chuma cha mlango. Alingoja moyo wake umwambie kitu. Haukumwambia. Aliwaza kwamba jandarme atachukua kibali cha baba cha kuendesha. Aliwaza kwamba bila makaa hakuna unga nyumbani. Aliyawaza hayo polepole, kama mtu anayepanga sahani. Mama Mwape alikuwa bado amesimama, anangoja jibu.

"Haiko na pane," Amida akasema. "Tunadanganyaka."

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Breki ya mukono iko wapi?" dereva wa basi akauliza.

"Hii hapa. Ufunguo baba alienda nayo. Kuko kigogo chini ya mupira ya mbele."

Boneti ikafungwa, kigogo kikaondolewa. Amida akaachia breki, akashika usukani kwa mikono yote miwili, na wanaume kumi na watano wakasukuma. Kamyoneti ikaondoka kama kitoroli, ikaingia kwenye uwanja uliokuwa mbele kidogo, penye kinu cha mahindi. Ambulansi ikapita juu ya matawi, ikapita kati ya basi na ukuta, ikapotea.

Baba Aruna alirudi na mabega meusi. Gari halikuwapo chini ya kibao, na jandarme alikuwapo.

"Citoyen, kibali yako. Banasema gari yako haikukuwa na pane."

Baba akakitoa. Akamtazama binti yake. "Nani alisema?"

"Mimi, Baba."

Jandarme akamwambia kwamba hataendesha kwa majuma mawili, na akiikuta kamyoneti pale tena, haitarudi.

Kesho yake baba na binti walikwenda kwa miguu hadi hospitali. Lilikuwa shauri la baba. Mama Mwape aliwapokea kwenye baraza.

"Mama yuko muzima," alisema. "Mutoto pia. Alichelewa kulia, tulifikiri ameenda. Sasa ananyonya." Akamtazama Aruna. "Dakika tano ingine, papa, ningekuwa nakuambia maneno ingine."

Mkunga alipoondoka, baba aliketi kwenye ukingo wa baraza.

"Amida, nitakuambia kitu, na uwaambie wadogo zako pia," alisema. "Mi niliona kile kibao kinanikataza mimi, maskini na makaa yangu. Sikuona kama kinamuachia njia muntu mwingine. Huyu mama hatumujui, lakini njia ilikuwa yake. Na matawi, bantu wanayaamini. Wale wafanyakazi waliacha gari yetu kwa sababu waliamini matawi. Nilikufundisha kudanganya bantu wanaokuja kusaidia. Hiyo ni kosa yangu, haiko yako. Usiseme uongo tena kwa ajili yangu. Hata nikikutuma, ukatae."

"Ndiyo, Baba."

Ndani, mtoto mchanga alilia. Huenda alikuwa yule, huenda mwingine. Amida alisikiliza mpaka mtoto akanyamaza.

"Sasa tutabeba magunia kutoka wapi?" akauliza.

"Kutoka mbali," baba akajibu. "Tutasimama kule gari zinaruhusiwa, na tutabeba kutoka mbali."

Wakainuka, wakaanza kurudi nyumbani.