Rubani Aliyenunua Miwani ya Ufukweni

Rubani alivuka barabara bila kutazama gari hata moja.

Kipanga alivuka nyuma yake, hatua thelathini, mkoba begani, uso umekunjwa kama wa mtu aliyetumwa dukani asipopataka.

Kipanga si jina alilopewa na mama yake. Alilipata kazini, idara ya usalama, kwa macho yake yanayoona mbali na roho yake isiyomwamini hata aliye karibu. Amri ya asubuhi ile ilikuja kwa simu, maneno matano tu.

“Nguo zimeanikwa. Usibanduke kwenye kamba.”

Maana yake: shahidi anasafiri leo, mfuate kila anayegusa safari yake.

Shahidi alikuwa karani wa forodha. Miaka miwili alinakili kimyakimya namba za makontena yaliyopitisha bunduki chini ya magunia ya saruji. Kesho angesimama mahakamani. Leo, saa sita na nusu mchana, angepanda ndege ndogo ya kukodi. Wenye bunduki wangetoa chochote asifike.

Rubani aliingia duka la miwani.

Kipanga akahesabu hadi ishirini. Akaingia.

Duka lilikuwa jembamba, vioo pande zote. Hilo lilimfaa: angeweza kumtazama mtu huku amempa mgongo. Mwenye duka, mama wa makamo, alikuwa anamhudumia rubani.

“Karibu, mwanangu, nakuja,” akamwambia Kipanga. Kisha kwa rubani: “Unataka za kila siku au za kustarehe?”

“Za kazini. Zinazokata mng’ao.”

“Basi ni polaraizi. Za kijivu hazibadilishi rangi ya vitu, nzuri kwa mjini. Za kahawia ni za ufukweni na kuvulia samaki; maji yanang’aa, wewe unaona mpaka mchanga wa chini.” Akaitazama sare yake, mistari minne begani. “Lakini kapteni, marubani wangu wote hukataa hizi.”

“Kwa nini?”

Kipanga aliacha kugeuza fremu aliyoishika.

“Skrini!” Mama akachukua simu yake, akaielekeza kwenye lenzi, akaigeuza polepole. Picha ikafifia. Ikazama. Ikawa giza totoro. “Unaona? Skrini nyingine ukizitazama kwa pembe hii, huoni kitu. Chukua za kawaida, zenye kinga ya miale.”

“Nimezizoea,” rubani akasema. Akachukua za kahawia. Akalipa. Akatoka.

Mama akaguna. “Hata asante hana.”

“Nipe za kijivu,” Kipanga akasema.

“Si nyeusi mno kwa gari? Jaribu kwanza, mwanangu, tazama nje. Usinunue miwani kwa sura, utajuta.”

“Zinatosha, mama.”

Nje, simu sikioni.

“Mkuu. Rubani wetu amerusha ndege za aina hii miaka mingapi?”

“Tisa. Karatasi zake safi.”

“Dashibodi yake ni ya mishale au skrini?”

“Skrini pekee. Kuna nini?”

“Amenunua miwani inayoua skrini. Anasema ni ya kazini.”



“Kipanga, juzi ulimshuku mpishi.”

“Mpishi alikuwa mwizi.”

“Wa sukari!”

“Nani uwanjani anamjua rubani kwa uso?”

Karatasi zikapekuliwa upande wa pili.

“Hakuna. Hutua usiku, huenda kulala kwake, huondoka alfajiri. Watu wa mnara wa kuongozea ndege wanaijua sauti yake tu.”

“Basi kuku huyu ni mgeni, Mkuu, na kamba mguuni nimeiona. Usimruhusu aruke.”

“Nikizuia ndege kwa ajili ya miwani nitachekwa. Niletee kitu.”

Simu ikakatwa.

Saa sita na dakika kumi. Uwanja mdogo, banda moja la bati, njia moja ya lami. Karani alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, begi mapajani. Rubani alizunguka ndege akigusagusa bawa. Kando ya banda, Toyota Noah, pua imeelekea jua. Kioo chake cha mbele kiliwaka kama bati jipya.

Kwa nini gari liegeshwe juani na kivuli kipo tele?

Kipanga akavaa miwani.

Mng’ao ukafutika.

Ndani aliona dereva. Nyuma ya dereva, mtu wa pili, kitambaa mdomoni, mikono nyuma.

Hakuharakisha hatua.

“Kapteni!” akaita. “Ofisi inauliza, mafuta yako kiasi gani?”

Rubani akaingiza kichwa kwenye chumba cha rubani. Akatazama skrini. Akainamisha shingo kushoto, kama kuku anayesikiliza. Akaivua miwani.

“Yanatosha,” akajibu.

Miaka tisa!

Kipanga akaenda kwenye Noah, akagonga dirisha la dereva.

“Kaka, sogeza gari. Lori la mafuta linapita.”

Dereva akashusha kioo. Bastola ya Kipanga, Glock, ikamgusa chini ya sikio.

“Mikono kwenye usukani. Ukikohoa, utakohoa damu.”

Akamtoa. Akamnyang’anya bastola, akaitupa mbali. Akamfunga pingu kwenye nguzo ya ua.

Nyuma yake injini ikanguruma. Rubani bandia ameona. Ndege ikaanza kusogea, bila karani, ikiwania lami.

Kipanga akaruka ndani ya Noah. Mtu wa nyuma akagumia.

“Jishike, baba!”

“Ana mikono ya kujishikia?” Kipanga alijiuliza, akijicheka huku anakanyaga mafuta.

Gari likakatiza mbele ya ndege, likasimama. Pangaboi la ndege likakoma kuzunguka nusu hatua kutoka mlango wa gari. Rubani bandia akafungua mlango, bastola mkononi.

Risasi moja ilisikika. Ya Kipanga.

Yule bwana akakaa chini, ameshika bega.

“Mkuu,” Kipanga akasema kwenye simu. “Nimekuletea kitu. Viwili.”

“Karani?”

“Mzima. Anatapika, lakini mzima.”

“Naleta ndege ya jeshi. Saa nane atakuwa angani.”

Akalirudisha gari kando ya banda, akamfungua yule mtu kitambaa na mikono. Huyu ndiye rubani wa kweli. Midomo ilikuwa imepasuka.

“Walitaka niongee na mnara,” akasema, “kisha…”

“Nani alijua kuwa unaruka leo?”

“Hakuna. Niliaga tu nyumbani, asubuhi, wakati wa chai.”

Macho yake yakaenda kwenye ua, kwa dereva aliyefungwa. Dereva akatazama chini.

“Shemeji,” rubani akamwita. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anaomba chumvi. “Ndiyo maana uling’ang’ania kunileta?”

Dereva akageuzia uso kwenye nguzo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kipanga alikuwa ameuona uso kama ule wa rubani mara nyingi, na kila mara ulimuuma palepale.

“Ana watoto watatu na dada yangu,” rubani akasema. “Nitamwambia nini?”

Kipanga akarudisha Glock kiunoni.

“Ukweli. Leo hii, kwa mdomo wako, kabla hajausikia redioni.”

Akampa simu yake.

Kisha akaondoka kuelekea langoni kwa mwendo wake uleule, bila kugeuka, ili mtu yule aweze kulia.