Elsie Apima Kasi ya Mtambo wa Upepo

Kila jioni msimu wa ndengu, Thadeus alikuwa akitafuta debe na rungu kabla hata ya kula. Giza likiingia, ndovu hutoka mbugani. Huko Makwasinyi, ukilala fofofo ndengu zikikomaa, unaweza kuamkia shamba tupu. Kwa hivyo Thadeus alikesha akipiga debe, peke yake, mbele ya wanyama wakubwa kuliko jiko lake.

"Siku moja hutarudi, Baba Shanice," mkewe, Elsie, alimwambia.

Elsie hakuishia kulalamika. Kazi yake ilikuwa kushona nguo, lakini mikono yake haikuogopa chombo chochote. Alichukua mota ya mashine iliyoharibika. Akakata mapanga matatu kutoka kwa paipu ya maji ya plastiki, kama mapanga ya feni, akayafunga kwenye mota. Kisha akausimamisha mtambo huo juu ya nguzo, karibu na jiko. Waya ulishuka hadi kwenye betri, na mwingine ukaenda hadi kwenye taa za ukingo wa shamba. Ndovu wakiona mwanga, mara nyingi husita.

Upepo ulivuma. Mapanga yakazunguka. Thadeus alijaa fahari.

Lakini taa ziliwaka kidogo, zikafifia, zikazimika. Asubuhi walikuta nyayo kubwa, na sehemu nzima ya ndengu imeliwa.

"Betri ni mbovu," Thadeus alisema. "Tuuze mbuzi, tununue nyingine."

"Ngoja kwanza," Elsie alijibu. "Mwalimu Zubeida yuko nyumbani leo."

Zubeida alikuwa jirani yao. Alifundisha umeme katika chuo cha ufundi mjini Voi. Alipoona mtambo, alisimama akautazama kwa muda.

"Mashallah, Mama Shanice! Umeutengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe, Mwalimu. Lakini haujazi betri."

"Unazunguka mara ngapi kwa dakika?"

"Unaenda mbio sana!" Thadeus alidakia.

"Mbio kiasi gani, shemeji? Kuna kifaa cha kupima, lakini ni ghali. Simu yenu ina kamera?"

"Iko," Elsie alisema.

"Basi inatosha. Lakini kwanza tuushushe mtambo na tuyafunge mapanga. Panga likizunguka laweza kukata mkono."

Elsie alibandika utepe mwekundu kwenye panga moja. Kwenye mengine mawili akabandika mweusi, ili uzito uwe sawa. Wakausimamisha tena, wakasimama mbali, wakapiga video.

"Sasa icheze polepole," Zubeida alisema. "Hesabu kila mara panga jekundu linapofika juu, kwa sekunde kumi za video."

Elsie alihesabu. "Thelathini na tatu."

"Zidisha kwa sita, kwa sababu dakika ina sekunde sitini."

"Mia moja tisini na nane."

Zubeida alisoma maandishi kwenye mota. "Hii ikizunguka mara mia sita kwa dakika, inatoa karibu volti ishirini na nne. Betri yenu ni ya volti kumi na mbili. Kuijaza, mnahitaji kama kumi na nne."

Elsie aliokota kijiti, akapiga hesabu mchangani. "Mizunguko mia tatu na hamsini!"

"Ndiyo hiyo. Betri haina kosa. Umeme ndio haufiki."

Thadeus alimtazama mbuzi aliyetaka kumuuza.

"Sasa badilisheni kitu kimoja, halafu mpime," Zubeida alisema. "Mkibadilisha viwili pamoja, hamtajua kipi kimesaidia. Na fungeni kitambaa kwenye nguzo. Pimeni kitambaa kikinyooka tu, ili upepo uwe karibu sawa kila mara."

Elsie alitazama paa la jiko. "Linazuia upepo," alisema. Wakahamishia nguzo kwenye kilima kidogo, mahali pa wazi. Wakapima: mia mbili themanini na mbili.

Kisha Elsie aliinamisha mapanga. Kasi ikapungua! Thadeus aliguna, lakini Elsie alicheka. "Sasa tumejua upande usiofaa." Akayainamisha upande wa pili. Thadeus alishusha na kupandisha nguzo mpaka mabega yakamuuma, huku akimstaajabia mkewe. Elsie hakubahatisha wala hakukata tamaa.

Mwishowe Elsie alizidisha, akapiga kelele: "Mia tatu sabini na mbili!"

Taa ziliwaka mpaka alfajiri. Ndovu walikuja, wakasimama mbali, wakageuka. Thadeus alikuwa ndani, amelala.

Walivuna ndengu magunia kwa magunia. Kisha Dominic, mkulima wa upande wa pili wa kijiji, akaja kumwomba Thadeus amjengee mtambo.

"Fundi si mimi," Thadeus alisema. "Fundi ni huyu."

Asubuhi iliyofuata Elsie alishika njia ya kwa Dominic, mapanga mapya mkononi. Thadeus alimfuata nyuma, nguzo begani, akimwambia kila waliyekutana naye wanakoenda.